Siku Tuliyomlimia Jirani

Siku hizi kazi yangu iko California, kule mvua hunyesha wakati wa baridi na kiangazi hukauka kabisa. Natembea milimani nikiorodhesha mimea: huu wa asili, huu wa kigeni. Wageni ni wengi ajabu, ndugu yangu, na wanashamiri. Juzi nilikuta lengalenga kando ya njia, ule mchicha wetu wa Kongo. Nikaziandika upande wa wageni, na nikajisikia mkosaji.

Nililelewa na nyanya yangu Brooklyn Center, kule Minnesota. Tukitoka kanisani wakati wa joto, alikuwa anainama kwenye parkingi kuchuma lengalenga, sisi watoto tukijificha kwa aibu. "Mboga inajiotea bure, watu wanapanga foleni dukani! Dunia ina mambo." Jioni nyumba nzima ilinukia kitunguu na mawese.

Ng'ambo ya uzio aliishi mama mzee wa kizungu. Bustani yake ilikuwa ya maua ya asili ya Minnesota, aliyoyaotesha mwenyewe kwa mbegu. Machoni petu lilikuwa pori tu. Akavunjika nyonga, akalazwa. Nyanya akasema, "Shamba la mgonjwa haliachwi liwe pori." Kwao Kongo ndivyo ilivyokuwa: mtu akiugua, majirani wanamlimia. Akashika jembe, nikamfuata. Tuling'oa kila shina lenye utomvu mweupe, tukaacha lengalenga zilizojiotea humo peke yake, tukazimwagilia maji. Mwalimu wangu alikuwa ametufundisha kwamba mashina yale ndiyo maua ya asili yanayolisha viwavi wa vipepeo. Nilijua, nikanyamaza. Nilitaka tumalize nikacheze mpira.

Jirani alirudi na mkongojo. Akaenda moja kwa moja bustanini. Nyanya alikuwa anatabasamu, anangoja, na mkalimani ni mimi.

"Miaka kumi na moja nimeyatunza haya," jirani akasema polepole. "Mwambie."

Nikamgeukia nyanya. "Anasema asante."

Ee, nilijiponza! Tangu siku hiyo nyanya alimpelekea bakuli la lengalenga kila wiki ya kiangazi, na mimi nilimfuata roho mkononi, nikiogopa siku atakapopatikana mkalimani mwingine. Jirani alipokea bila neno. Alipanda maua yake upya, lakini kona moja aliziachia lengalenga. Kiangazi cha tatu alirudisha bakuli tupu, akaniambia, "Mwambie asante."

Nikamwambia. Nyanya akacheka hadi akashika uzio. "Mama huyu naye! Kulimiwa mara moja, asante mara ngapi?"

Mwezi uliopita nilipita pale. Jirani alishafariki zamani, na nyanya tulimzika kabla ya theluji ya mwaka jana. Uzio umeondolewa, kote ni nyasi fupi za kukatwa kwa mashine, hakuna ua wala mboga. Miaka yote nilikuwa nikipanga kumwambia nyanya kwamba ile asante ya kwanza niliitunga mimi. Kila nikimpigia simu, nilijiambia nitamwambia nikija.