Wiki Aliyorudi Mama Kisiwani

Mama hakukipenda kisiwa alipokiingia mara ya kwanza. Alitoka bara, kwenye vilima vya baridi, na gari lilipopita Makupa, mahali pa kuvukia kuingia kisiwani, akiwa amenipakata, aliona maji upande huu na upande huu akamuuliza baba, "Sasa mtu akitaka kwenda kwao atapita wapi?" Baba alikuwa amepata kazi bandarini. Alimwambia njia ni hiyo hiyo. Mama alinisimulia haya mara nyingi, na kila mara alicheka, lakini nadhani siku ile hakucheka.

Tulipanga vyumba viwili vya chini katika nyumba moja ya Mji wa Kale. Juu alikaa mwenye nyumba, mjane tuliyemwita Bi Mkubwa, ambaye wanawe walikuwa wameshakwenda zao Uarabuni. Miezi ya mwanzo mama hakutoka ila kwenda kanisani. Joto lilimchosha, maji ya kisima yalikuwa ya chumvi, na majirani walisalimiana kwa kirefu hata akadhani wanamteta.

Siku moja Bi Mkubwa aliteremsha kikapu kwa kamba kutoka dirishani. Ndani mlikuwa na mahamri na bakuli la mbaazi za nazi. "Mwanangu," aliita, "kikapu hakirudi kitupu." Mama hakuwa na kitu ila mahindi na maharagwe aliyochemsha, akayatia hayo. Haukupita muda Bi Mkubwa akashuka mwenyewe kuja kuuliza mbona hayana nazi. Hapo ndipo walipoanza kuzoeana.

Nimekulia kwenye ngazi zile. Mwezi wa Ramadhani mama alipanda kusaidia kupika futari, na ingawa hakufunga, hakutia kitu kinywani mpaka iadhiniwe magharibi. Krismasi ikifika, Bi Mkubwa alishuka kukanda unga wa chapati. Baba akitoka zamu na kukuta vyumba vitupu, alijua pa kupanda kufuata chakula chake.

Baba alipostaafu, yeye na mama walirudi bara. Mimi nilibaki, nikaolewa, na sasa nakaa mtaa wa Ganjoni, ghorofa ya tatu, na mume wangu na watoto wawili. Baba alifariki miaka michache baadaye. Mama alikuwa akinipigia simu na kuniuliza tumepika nini. Nikimwambia samaki wa kupaka, huuliza kama nazi nimeikuna mwenyewe. Nilimwomba aje akae nami, lakini kila mara palikuwa na ng'ombe anayekaribia kuzaa.

Mwaka jana, skuli zilipofungwa, akaja. Nilikuwa nimemtayarishia chumba, shuka mpya na feni. Alikunywa chai, akaoga, akasema, "Nipeleke nikamwamkie Bi Mkubwa."

Bi Mkubwa haoni tena. Mama alisimama chini ya ngazi akapiga hodi. Sauti yake ikaja kutoka juu.

"Hiyo ni hodi ya mpangaji wangu. Panda, mwanangu. Mbona umekawia hivyo?"

Mama alipanda huku akilia. Alimbusu mkono, na Bi Mkubwa akampapasa uso na mabega.

"Umekonda. Huko kwenu hawakupi chakula?"

"Wanipa, Bi Mkubwa. Ila hawatii nazi."

Magharibi nilimwambia mama twende nyumbani. Alisema atalala pale, nimjie kesho. Kesho yake nilimkuta jikoni, kanga kaifunga kiunoni. "Kesho," akaniambia tena. Siku zikapita hivyo. Nilikuwa nikitoka kazini napitia huko, narudi Ganjoni peke yangu, naipita ile shuka mpya isiyolaliwa. Sikumwonea wivu Bi Mkubwa. Nilimtaka mama tu, akae mezani kwangu hata asubuhi moja.

Mwishowe nilimwambia. Tulikuwa tunachambua mchele.

"Mama, hata mimi nilikungoja."

Aliendelea kuchambua. "Najua. Lakini wewe nitakuona tena, inshallah." Kisha akaniangalia. "Kwani wewe nani amekukataza kulala hapa?"

Nikampigia simu mume wangu, nikalala. Alfajiri nilisikia sauti zao jikoni, wakibishana polepole juu ya chumvi ya mbaazi, mmoja akionja na mwingine akimwambia aongeze. Nilifumba macho nisije nikawakatiza. Baba hayupo, na vyumba vya chini wanakaa watu nisiowajua, lakini kwa muda ule sikuhisi kwamba kuna mtu aliyeondoka. Mama alikuja akanitikisa bega, akasema chai inapoa.

Aliondoka Jumapili. Pale stesheni alinishika mikono yote miwili, akaniambia, "Huko kwangu nikiamka najikuta nasikiliza adhana. Kumbe ni upepo." Nilitaka kumwambia abaki. Alikuwa ameshageuka kuangalia mizigo yake.

Siku hizi Jumamosi mimi huenda Mji wa Kale na watoto. Bi Mkubwa huniuliza mama yuaja lini, nami humjibu kwamba bado hajasema. Yeye huitikia kwa kichwa, akamwambia mjukuu wake aliyerudi kukaa naye anipakulie.