Neno la Tatu

Hadi leo nikisikia harufu ya kibao cha shule kilichofutwa kwa mate, nageuza uso. Ninyi mliosoma kwa madaftari hamuijui harufu hiyo, nayo si nzuri hata kidogo: ni ya jiwe lililolowa na ya chakula cha asubuhi cha kila mtoto aliyewahi kukishika kibao hicho. Sisi wa Temeke, enzi za Mwingereza, hatukuwa na dasta. Ulitema, ukasugua kwa kiganja, ukaandika upya. Mwalimu wetu, Mwalimu Yosefu, mtu wa bara, alituita wachafu kila siku, lakini dasta hakutuletea.

Mwaka wa mtihani wa darasa la nne nilikuwa na miaka kumi na miwili, na posa yangu ilikuwa imeshafika nyumbani. Barua yake ilikaa kwenye sanduku la baba, chini ya kanzu za Idi. Baba aliuza nyama sokoni, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Mama alimbembeleza mwezi mzima mpaka akakubali nifanye mtihani kwanza.

"Akifaulu, aende huko bweni," alisema. "Akianguka anawekwa ndani, na barua ya watu naijibu."

Kuwekwa ndani maana yake ilikuwa kutoonekana tena barabarani mpaka siku ya harusi. Nilikuwa nikisikiliza nyuma ya pazia, na tangu siku hiyo nikawa naacha chakula sahanini.

Hesabu nilizimudu. Kilichonitisha ni Kiingereza. Mwalimu Yosefu alituonya kwamba swali la mwisho ndilo linalochuja watu: unapewa herufi, nawe unatafuta maneno ya Kiingereza yaliyo na herufi hizo zote. Basi nikawa mwendawazimu wa herufi. Nilisoma madebe ya mafuta ya taa, nikasoma magunia, nikasoma karatasi zilizofungiwa sabuni. Nilipanga maneno kichwani huku nikitwanga, mpaka mama akaninyang'anya mchi kwa sababu nilikuwa natwanga nje ya kinu.

Siku ya mtihani zikaja A, E, M na T. Maneno matatu. La kwanza lilinijia papo hapo, MEAT, kwa kuwa liliandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kibanda cha baba. La pili lilikuwa TEAM. Hilo niliwahi kuliandika TIMU, na Mwalimu Yosefu akanirudisha kuliandika mara hamsini. La tatu halikuja. Niliandika zile herufi kwenye kibao, nikafuta, nikazipanga upya, nikafuta tena, mpaka kinywa kikakauka na sikuwa na cha kufutia. Mwalimu akasema imebaki dakika moja. Mara nikaona neno limekaa sawasawa, linasomeka vizuri kabisa, na mkono ukalihamishia kwenye karatasi kabla akili haijauliza. MATE.

Karatasi ilipokuwa inachukuliwa ndipo nilipojisomea. Nilikuwa nimemwandikia Mzungu mate!

Nilimkuta mama uani, anakuna nazi.

"Mama, nimeandika mate kwenye mtihani."

"Umetema mate kwenye mtihani?"

"Nimeandika, mama. Kwa herufi. Na anayesahihisha ni Mzungu, atasema nimemtukana."

Aliacha kukuna. Akajifuta mikono kwenye kanga.

"Baba'ako asisikie. We kula, ulale. Mengine niachie mie."

Majibu yalichukua wiki tatu. Kila gari lililopita upande wa shule nilijua limenifuata mimi. Niliota karatasi yangu imebandikwa sokoni na watu wanaisoma kwa sauti. Mama, yeye, alipika, akasuka ukili wake, akacheka na majirani kama kawaida. Niliudhika naye sana. Niliona hajali, na kwamba tayari amekubali niolewe.

Kisha Mwalimu Yosefu akasoma majina, na langu likawamo. Aliniambia maneno yangu yote matatu yalikuwa sahihi. Msidhani nilifurahi. Niliamini Mzungu amepitiwa, na nikaenda bweni na hofu kwamba siku moja atashtuka na kunirudisha. Muhula mzima niliishi hivyo, hadi tulipofika kwenye hadithi ya baharia mmoja aliyemwita rafiki yake mate, na mwalimu akatueleza kwamba kwa Kiingereza maana yake ni mwenzi. Nilicheka mpaka nikatolewa nje ya darasa.

Miaka mingi baadaye mama alifariki, na Mwalimu Yosefu, mzee sasa, akaja kutupa pole. Ndiye aliyenieleza nisichokijua. Asubuhi ya pili baada ya ule mtihani, mama alimwendea nyumbani kwake, yeye ambaye hakuwahi kuzungumza naye hata mara moja. Alimwambia: "Mwalimu, mtoto hana kosa. Lile neno mate nimemfundisha mie. Kama kuna wa kufungwa, niandikeni mie."

Mwalimu alicheka, akamwambia neno hilo ni la Kiingereza. Mama akaomba alione. Mwalimu akafungua kamusi, akamshika kidole, akakiweka juu ya neno lenyewe.

"Alilitazama muda mrefu," mzee aliniambia. "Akanishukuru. Lakini niliona hakuniamini. Alidhani namfariji tu."

Mama hakujua kusoma. Lile neno lililoniokoa lilikuwa chini ya kidole chake, na halikumwambia kitu. Akarudi nyumbani na hofu yake nzima, akabandika sufuria, akaniita nije nile.