Viazi Vyenye Adabu

Placide alikuwa kapita wa barabara ya Wamaza, na barabara ilimharibu kichwa. Miaka yote aliyosimamia wafyeka majani alijifunza jambo moja tu: Mzungu hufurahia kitu kilichonyooka. Basi akanyoosha kila kitu. Kuku wake wangekubali, angewapanga foleni.

Alitaka umonitèri, kazi ya kufundisha wakulima vijijini. Alitaka ile kofia ngumu na baiskeli, apite Kabambare mjini watu wamwamkie. Bwana agronomu, mtaalamu wa kilimo, Mbelgiji aliyekuwa anajaribu viazi vya kizungu kwenye vilima vile, akampa kikapu cha mbegu na ahadi: vikizaa vizuri, mbegu yake itagawiwa vijijini na kazi itakuwa yake. Akamwonya pia juu ya vidukari, wadudu wadogo wa kijani wanaojificha chini ya jani, wanaofyonza shina gonjwa kisha wakapeleka ugonjwa kwa zima.

"Shina yote ya ugonjwa, ng'oa na viazi yake, choma. Usingoje."

"Ndiyo, Bwana," Placide akaitika kabla hajasikia.

Viazi vikaota. Mashina mengi yalitanda, yakalala ovyo na kuvuka mstari. Machache yalibaki mafupi, yamesimama wima, majani magumu yamejikunja juu. Mtu mwenye akili angejiuliza. Placide aliona askari na walevi.

Mkewe Émérance alikuwa akipalilia karibu naye. "Baba Marcellin, hii ya kujikunja haina ugonjwa kweli? Iko na wadudu mingi chini."

"Weye unajua nini? Hii ndiyo iko na adabu!"

Akaanza kung'oa walevi. Vidukari nao hawakulala: kila wiki mashina mengine yakadumaa na kujikunja, na mpumbavu yule akafurahi kwamba shamba sasa linatii. Yaliyokataa kutii akayang'oa yote. Chini yake vilitoka viazi vinono, na kuvichoma akaona ni hasara. Émérance akavichemsha, Placide akavila na sombe ya majani ya muhogo, akalamba vidole.

Siku ya ukaguzi alivaa shati lililopigwa pasi. Agronomu akainama, akageuza jani, vidole vikamtoka kijani. Akachimba shina moja, la pili, la tatu. Viazi vilikuwa kama mavi ya mbuzi.

"Placide, ile yenye kulala chini, uliweka wapi?"

Placide akamtazama mkewe, kwa mara ya kwanza akitamani amsemee.

"Iko mu tumbo yake, Bwana," Émérance akasema. "Alikula yote, akaomba na ingine."

Agronomu hakucheka. Akaagiza shamba lote ling'olewe na kuchomwa, akapanda gari lake akaenda na ile kazi ya umonitèri. Placide akang'oa mwenyewe, akaanza na mstari wa kwanza. Na mistari, jamani, tusimwonee, ilikuwa imenyooka kweli.