Bwana Shamba Jotham na Mahindi ya Shati Fupi

Saa mbili asubuhi manyunyu yanaanguka Cheptais, huku mlimani, na Jotham Wekoye ameshaegemeza baiskeli yake kwenye ua wa mkulima Chelimo. Anapita kati ya mistari ya mahindi, akipapasa ncha ya kila hindi kwa kidole gumba.

"Hili ni la mbegu," anasema, akilifunga uzi mwekundu.

Chelimo, anayemfuata nyuma, anatikisa kichwa. "Hilo hapana, Bwana Shamba. Si unaona liko na mdomo wazi, maganda hayafiki nchani?"

Jotham anaufungua uzi bila kubisha.

Mwaka huu wa 1958 Jotham ana miaka thelathini na moja. Alizaliwa Endebess, ambako baba yake aliswaga maksai wa kulimia katika shamba la mzungu. Kijana alipopata nafasi Makerere na kuchagua kilimo, mzee alinuna wiki nzima.

"Aliniuliza, 'Nimekupa kalamu, na wewe unarudi kwa jembe?'" Jotham anakumbuka, akicheka.

Huko Makerere alisoma udongo, magonjwa ya mimea na namna ya kuchagua mbegu. Wenzake wametawanyika: mmoja anakagua pamba, mwingine anafundisha walimu, na Kipketer, rafiki yake wa chumba kimoja, anafanya utafiti wa mahindi Kitale. Jotham aliletwa Bungoma kuwa bwana shamba.

Msimu wake wa kwanza nusura uwe wa mwisho.

Alileta mbegu ya mahindi makubwa kutoka Kitale akaisifu katika kila baraza. Kanduyi, kule chini tambarare, ilizaa vizuri. Cheptais nako mahindi yalinenepa, watu wakapiga vigelegele. Lakini huku mlimani manyunyu hayakukoma hata wakati wa kuvuna. Maji yaliingia nchani, mahindi yakaoza yangali shambani. Chelimo, mjane mwenye watoto wanne, aliyezoea kuvuna magunia saba, alipata mawili.

"Niliona aibu kupita njia hii," anasema Jotham. "Niliandika barua ya kuomba uhamisho. Lakini nikajiambia, kwanza niende nimwombe radhi yule mama."

Majirani walimzomea njiani. Chelimo alimkaribisha, akampa maziwa lala yaliyoganda, kisha akaweka mahindi mawili mbele yake.

"Nilimwambia, hili lako ni kubwa, lakini limevaa shati fupi," anaeleza Chelimo. "Hili letu la zamani ni dogo, lakini limejifunika mpaka miguu. Kwa mvua ya hapa, nani anatoka na shati fupi?"

Jotham aliyapima maganda yale kwa kidole: ya hindi la Kitale hayakufika nchani. Barua ya uhamisho aliichana jioni hiyohiyo.

Kwa miezi sita alimletea Chelimo debe la mahindi kwa baiskeli kila mwisho wa mwezi, hadi mavuno mengine. Akamwita Kipketer kutoka Kitale. Wakapanda mbegu zote mbili bega kwa bega, wakazichanganya, na msimu baada ya msimu wakachagua zenye hindi nene na maganda marefu. Mwaka jana Chelimo alivuna magunia tisa.

"Ninaishukuru Makerere kila siku, ilinipa macho," anasema Jotham. "Na ninamshukuru huyu mama. Angenifungulia mbwa, nani angemlaumu? Badala yake alinikalisha chini akanifundisha."

Baba yake alipanda hadi hapa mwezi uliopita. Alizunguka shamba lote, akaomba vikombe viwili vya mbegu apeleke Endebess. Kuhusu kalamu hakusema neno.

Sasa Jotham amepata nafasi ya kurudi chuoni mwakani, asomee uzalishaji wa mbegu kwa miaka miwili. Anatumaini siku moja kila mteremko wa mlima huu utakuwa na mbegu inayoufaa.

Chelimo anaulizwa kama hana wasiwasi kumpoteza.

"Aende asome," anajibu, huku akivunja hindi jingine. "Lakini siku atarudi, hodi ya kwanza apige hapa. Ofisi itangoja."