Vidole Visivyosikia Moto

Bibi mwenye nyumba ndiye aliyesikia harufu kwanza. Tulikuwa uani. Mimi naepua chai kwenye seredani ya makaa, yeye anapepeta mchele, na mpangaji wa chumba cha mbele, fundi wa karakana ya reli kule Gerezani, ananyoa ndevu.

"Kuna kitu kinaungua," bibi alisema.

Nikatazama makaa, nikatazama shuka yangu. Kilichokuwa kikiungua ni kidole changu cha mwisho, mkono wa kushoto, kimeegemea ukingo wa seredani. Nilikiona tu, kukisikia sikukisikia.

Bibi akavuta ungo wake, akasogea mbali.

Enzi zile za Mwingereza, mtu asiyesikia moto pale Kariakoo alikuwa na jina moja, na jina lenyewe halikutajwa. Watu walisema "ugonjwa mkubwa". Aliyethibitika kuwa na ukoma alipelekwa makambini, mbali na mji. Nilikuwa kijana niliyemaliza shule, karani katika duka la Mwarabu mmoja huko Msimbazi. Nimehamahama maisha yangu yote, lakini chumba kile ndicho pekee nilimotamani kubaki.

Tangu siku ile tukaanza kuchunguzana. Kata ya mtungi ilitoka ukumbini ikahamia chumbani kwa bibi. Fundi, aliyezoea kunipa mkono, akawa ananisalimu ameshika taulo kwa mikono miwili. Huenda alikuwa ametoka kuoga kweli, ila sikumwamini. Chumbani nilijichoma kidole kwa sindano hadi damu ikatoka, nikaitazama kama damu ya mtu mwingine. Kidole cha pili yake kilisikia nusu tu. Upande unaoelekea kile cha mwisho ulikuwa umekufa.

"Mwanangu," bibi akaniambia asubuhi moja, "nenda ukapimwe. Sikufukuzi. Lakini ukirudi, anza na mimi hapa barazani, kabla hujaingia ndani."

Dresa wa hospitali alikuwa mtu wa makamo asiyenitazama usoni, na hilo nalo nikalitilia shaka. Alinivua shati, akakagua ngozi yangu yote akitafuta mabaka. Kisha akanifumbisha macho, akanigusa vidole kwa pamba, kwa sindano, kwa chupa ya maji ya moto.

"Ngozi ina masikio yake," alisema. "Sikio la moto si sikio la sindano. Yako yote mazima. Njia ndiyo imebanwa."

Akabonyeza nyuma ya kiwiko changu. Mchomo mkali ukashuka hadi kidole cha mwisho, nikaruka kitini.

"Mshipa wa fahamu huo. Umewahi kuona mgongo wa mbuzi ukipasuliwa? Ile kamba nyeupe ya katikati ndiyo ugwe. Mishipa ya mkono hutokea huko, shingoni, ikapita kwapani. Huu mmoja, ukifika kiwikoni, hauna nyama ya kuufunika. Mkono ukigusa moto, ugwe ndio unaourudisha, kabla kichwa hakijajua. Wako haukuletewa habari. Dukani unakaaje?"

Nikamwonyesha: kiwiko cha kushoto juu ya meza ya saruji, shavu kiganjani, kutwa nasubiri wateja.

"Acha kuegemea. Vitarudi polepole."

"Kwa hiyo si ule ugonjwa?"

"Ni mshipa."

Niliondoka nikimshuku. Ilikuwa rahisi mno. Labda watu huambiwa hivyo ili wasitoroke kabla ya kufuatwa.

Bibi alikuwa barazani na fundi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wamesemaje?"

"Wanasema ni mshipa."

Pwani kwetu mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, na pia ni busha. Fundi akanitazama pale ambapo mwanamume hatazamwi.

"Kumbe! Ndiyo maana unatembea kama umebeba mayai."

"Kijana mdogo hivi," bibi akasikitika. "Na kidole je?"

"Mshipa unapanda, bibi," fundi akadakia. "Mjomba wangu ulimpanda hadi sikioni, akawa haitiki akidaiwa."

Bibi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Nilifungua kinywa niwaeleze habari za kiwiko na ugwe, nikaona anapigapiga mkeka, ananionyesha pa kukaa, karibu naye. Nikakaa. Nikanyamaza.

Jioni alinichemshia mizizi michungu, nikainywa mbele ya nyumba nzima. Niliacha kuegemea meza, na baada ya miezi vidole vikaanza kuwasha, kisha vikasikia baridi, na mwisho moto. Bibi akautangazia mtaa kuwa ni dawa yake iliyoniponya mshipa.

Ndipo siku moja sokoni muuza tende mmoja, mtu mzima, aliponivuta kando ya magunia yake.

"Kijana, ile dawa ya bibi inafaa kweli?"

"Nilipona, mzee."

"Yote mawili?"

"Vyote viwili," nikajibu bila kufikiri; yeye aliuliza mabusha, mimi nikataja vidole.

Macho yake yakashuka kwenye mkono wangu wa kushoto, yakakaa juu ya kovu.

"Vyote," akasema taratibu.

Nilimuaga, nikaondoka, mkono mfukoni. Wiki ile ile nikaanza kuulizia vyumba ng'ambo ya Jangwani, kabla bibi hajaulizwa ni kitu gani hasa alichokiponya.