Mkebe wa Siagi

Ndugu yangu mdogo aliacha kuvaa saa kabla sijatambua kwamba kuna tatizo. Ilikuwa saa ya mkanda wa ngozi, aliyoinunua alipofungua kibanda chake cha kutengeneza simu mjini Kakamega, na kwa miaka mingi mkanda ule ulifungwa kwenye tundu la tatu. Siku moja nikauona umefungwa kwenye tundu la mwisho. Baadaye saa ikawa inaning'inia kwenye msumari kibandani. Nilipomuuliza alicheka, akasema mkono umeshiba. Nikacheka pia. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfundisha mazoezi, na mkono ulioshiba niliuhesabu kuwa sifa yangu.

Jimu yangu iko Lurambi, nyuma ya mashine ya kusaga unga. Ina kuta za mabati na sakafu ya saruji iliyopasuka. Vyuma vyetu vingi ni gia za trekta na vipande vya ekseli za trela za miwa, ambavyo fundi wa kuchomelea aliniunganishia. Upepo ukigeuka, unga unaingia, na kufika saa sita kila mtu ana kope nyeupe kama mzee. Watu huja na migongo iliyochoshwa na kukata miwa au kukaa ofisini. Mtu akiinua chuma vibaya simkemei. Nachukua mpini wa ufagio, naulaza mgongoni mwake, namwonyesha mahali unapopaswa kumgusa, kisha namwambia ajaribu tena. Napenda sana ile dakika mtu anapogundua kuwa ana nguvu ambazo hakujua anazo. Sijawahi kumwambia mtu kwamba hawezi. Kwa muda mrefu nilidhani huo ni wema mtupu.

Ndugu yangu alipokuja mara ya kwanza alikuwa na mabega yaliyokunjamana kwa kuinamia taa na lenzi kutwa nzima. Miaka ikapita. Mgongo ukafunguka, kifua kikaja, akaanza kupanda jukwaani kwenye mashindano ya watunisha misuli ya eneo letu. Alishika nafasi ya nne, mwaka uliofuata akashika ya nne tena. Waamuzi walisema umbo lake ni zuri ila ni dogo. Neno hilo, dogo, lilimkaa rohoni. Nilimweleza kwamba kila mwili una kimo chake na kwamba safari bado ni ndefu. Alinisikiliza kwa adabu, kama alivyonisikiliza siku zote.

Lazima niseme jambo kuhusu nyumbani kwetu, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Khocha wetu, yaani ndugu ya mama, anafuga fahali wa kupigana. Siku ya mashindano tulikuwa tukiamka mapema, tunamfuata fahali uwanjani kwa ngoma za isukuti na vumbi jingi, na mwenye fahali hutembea mbele kama bwana harusi. Tungali wadogo tulifundishwa adabu moja: mwenye fahali haulizwi anamlisha nini. Unaweza kumsifu mnyama, unaweza hata kumdharau, lakini chakula chake ni siri ya boma. Anayeuliza huonekana ana nia mbaya.

Adabu hiyo niliiingiza jimu bila kujua. Ndugu yangu alipoanza kujaa kwa kasi ambayo chuma pekee hakiwezi kuleta, sikumuuliza. Tulipokwenda nyumbani, khocha alimzunguka polepole, mikono nyuma, akampiga kofi la bega.

"Huyu siwezi kuuliza anakulanga nini," alisema. "Nitaharibu bahati."

Tulicheka wote. Mama akamwongezea obusuma, ugali wetu, na mnofu wa ingokho, yaani kuku, akala kama mtu yeyote.

Wiki chache baadaye yeye mwenyewe alinijia. Nilikuwa nafagia unga mlangoni. Alitoa soksi mfukoni, na ndani ya soksi mlikuwa na vichupa vitatu vidogo vya kioo vyenye unga mweupe uliogandamana chini. Alikuwa amevipata kwa mtu wa mji mwingine, na vya kwanza alikuwa ameviweka kwenye droo ya kibanda, karibu na kifaa cha kulehemu, kwenye joto. Karatasi ya maelezo ilikuwa kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Alitaka nimweleze.

Ilikuwa homoni ya ukuaji. Ngoja niieleze hapa pia, maana ni vizuri kujua. Chini ya ubongo, nyuma ya macho, kuna tezi ndogo kama punje ya haragwe. Ndiyo inayouambia mwili wa mtoto urefuke. Tukishakuwa watu wazima inaendelea kunong'ona, kwa sauti ya chini, mwili ujirekebishe. Madaktari huwapa homoni hiyo watoto wasiokua, kwa kipimo, huku wakiwachunguza. Wanaotunisha misuli huitafuta kwa sababu hupunguza mafuta na kuujaza mwili, na sehemu kubwa ya huo ujazo, nilikuja kujua, ni maji. Ila dawa haijui waamuzi wanaangalia wapi. Haiendi kifuani na kwenye mapaja peke yake. Taya hulisikia agizo, vidole hulisikia, moyo hulisikia, kila kitu huambiwa kikue.

Hayo nilikuwa nayajua nusu nusu siku ile. Na nusu niliyoijua nilimweleza vizuri sana. Nilijiambia kwamba atatumia tu, basi heri atumie kwa usafi. Nilinawa mikono. Nilimwonyesha jinsi maji ya sindano yanavyoteremka ukutani mwa kichupa badala ya kumwagiwa juu ya unga.

"Taratibu," nilimwambia. "Usilazimishe. Acha iyeyuke yenyewe."

Kwa kuwa hakuwa na friji, vichupa vilikaa nyumbani kwangu, mtaa wa Shieywe, ndani ya mkebe wa siagi uliokwisha, nyuma ya maziwa. Mke wangu alipoufungua kwa bahati mbaya akauliza, nikamwambia ni vitamini za jimu. Katika maisha yangu nimeeleza mambo mengi, lakini lile halikuwa kueleza.

Mwili wake ulibadilika mbele ya macho yetu na kila badiliko lilipata mtu wa kulisifu. Viatu vilimbana, akasifiwa kwamba sasa anakanyaga kama mwanamume. Taya lilipanuka, mama akasema amefanana na marehemu baba. Kwetu mtu mnene ni mtu asiye na shida. Hatukuwa na neno la kuvimba ambalo ni baya, isipokuwa mtu akivimba miguu na amelala kitandani.

Aliniambia kwamba asubuhi vidole vinaamka na ganzi. Nikamweleza kwamba analalia mkono. Aliniambia ganzi inamrudia mchana akishika bisibisi. Nikamweleza kwamba chuma hukaza mishipa, anyooshe mikono kabla ya kazi, na nikamwonyesha jinsi ya kuinyoosha. Aliinyoosha kila siku mbele yangu. Nilikuwa na jibu kwa kila jambo, na kila jibu lilimpa moyo wa kuendelea.

Mwaka ule alishinda. Alisimama katikati ya ukumbi, amepakwa mafuta, watu wakipiga miluzi, akakabidhiwa kikombe. Alikiinua juu ya kichwa, kikamponyoka. Kilianguka jukwaani, kikaviringika hadi kwenye miguu ya waamuzi. Ukumbi ulidhani ni mbwembwe, ukashangilia zaidi, na mtu mmoja nyuma yangu akasema bingwa amelewa ushindi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu. Niliona uso wake. Alikuwa anavitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Miezi ikapita, na mkebe ukaendelea kukaa nyuma ya maziwa.

Siku iliyotumaliza ilikuwa ya kawaida, mchana, nimempelekea chakula kibandani. Alikuwa amechukua kifaa cha kulehemu, ananiambia habari za mteja mmoja msumbufu. Katikati ya maneno alinyamaza, akanusa.

"Nini inaungua?" aliuliza.

Aliangalia chini ya meza. Aliangalia waya. Mimi ndiye niliyeona. Ncha ya moto ilikuwa imelala kwenye kidole chake cha shahada, na ngozi ilikuwa imeshakuwa nyeupe. Hakusikia lolote.

Daktari aliyetupokea alikuwa mama mmoja mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimwambia akutanishe migongo ya viganja, vidole vikielekea chini, akae hivyo. Kabla hata dakika moja haijaisha ndugu yangu alikuwa anauma mdomo. Daktari alimpima sukari, nayo ilikuwa juu. Akamtazama taya, akamtazama meno yaliyoanza kuachana. Kisha akauliza anatumia nini.

Wanaume wawili wazima, tumeinamisha vichwa, tunalinda siri ya boma.

"Sikuulizi ili nikushtaki," alisema. "Naulizia mkono."

Nilimwambia mimi. Aliandika, kisha akatuchorea kwenye karatasi. Kwenye kifundo cha mkono kuna kijia chembamba, na ndani yake hupita mshipa wa fahamu unaohudumia kidole gumba na viwili vya jirani yake, pamoja na nusu ya kile cha nne. Tishu zikivimba, kijia hakipanuki, mshipa unabanwa. Ukibanwa muda mfupi, hupona. Ukibanwa muda mrefu, msuli unaoutegemea hunyauka. Akachukua mkono wa ndugu yangu, akaugeuza, akanionyesha pale chini ya kidole gumba. Panapopaswa kuwa na kinundu cha nyama palikuwa na kishimo. Mtu mwenye kifua kile, mapaja yale, alikuwa amepoteza msuli mmoja, nao ndio uliokuwa ukimlisha.

Aliacha dawa siku hiyo hiyo. Sukari ilishuka polepole. Alipasuliwa kifundo cha mkono wa kulia na hisia zikarudi kiasi, kama redio yenye betri zinazokwisha. Mwili ulipungua kwa haraka ambayo ilimwaibisha, lakini viatu vilibaki vikubwa, kwa sababu mfupa ukishakua haurudi. Kidole gumba hakikupata tena nguvu ya kushika skurubu ya simu.

Nilikwenda kumweleza khocha mwenyewe. Nilianza tangu mwanzo, vichupa, friji, yote. Alikuwa anamsugua fahali wake kwa gunzi la mahindi na hakuacha kusugua.

"Sasa ninyi wawili," alisema mwishowe, "nani alikuwa fahali na nani alikuwa mwenyewe?"

Hakungoja jibu. Alihamia upande wa pili wa mnyama.

Lakini neno lililonikaa zaidi ni la ndugu yangu. Tulikuwa tunatoka hospitali baada ya kutolewa nyuzi, na nilikuwa nimeanza tena kueleza, kwamba nilifikiri ni heri ajue njia salama kuliko kubahatisha. Aliniacha nimalize. Baba yetu alipofariki mimi nilikalia kiti chake, na kwetu kaka mkubwa akikuelekeza jinsi ya kufanya jambo, ameshakuruhusu.

"Mkubwa," aliniambia, "ungekataa mara moja tu, ningeacha."

Sina hakika kama ni kweli. Yeye naye huenda hana hakika. Lakini sikukataa, kwa hiyo hatutajua.

Siku hizi jimu nauliza. Nauliza kila mtu, mlangoni, anakula nini na anatumia nini, hata kama ni kukosa adabu. Wengine wamehama. Wanaobaki nawaambia mambo mengi mazuri kuhusu miili yao, na mengine nawaambia hapana, halafu nanyamaza. Kama wewe ni mmoja wa wanaosikia ganzi kwenye vidole, usiniulize mimi maana yake. Nenda ukaonwe leo. Bado kuna muda, na mwili ulio nao unatosha kuanzia.

Saa saba nafunga jimu, nasafisha unga kwenye kope, naenda kibandani. Wateja wake hawakumkimbia, maana bado anajua kilichoharibika kwa kuisikiliza simu tu. Ila hawezi kufungua. Kwa hiyo nakaa kwenye kigoda chake, na yeye anasimama nyuma yangu. Mikono yangu ni ya kushika ekseli. Bisibisi ndogo inapotea ndani yake kama kijiti, na skurubu zenyewe ni ndogo kuliko chembe ya mchele. Tunaziweka ndani ya ule mkebe wa siagi. Ni yeye aliyeuomba kwangu. Sikupenda kumpa, naye alisema mkebe ni mkebe.

Jana nilikuwa nafungua simu ya mwanafunzi, skurubu ya mwisho ikakataa. Nilikaza mkono. Nilihisi jino la bisibisi linaanza kuteleza. Ndugu yangu aliinama, nikasikia pumzi yake sikioni, na ule mkono wake mkubwa, wenye kishimo chini ya kidole gumba, ukatua juu ya wangu bila uzito.

"Taratibu," alisema. "Usilazimishe."

Nililegeza. Akanieleza tena tangu mwanzo, pembe ya kushikia, nguvu kidogo chini kabla ya kuzungusha, kwa uvumilivu wote niliowahi kumfundisha. Skurubu ikatoka. Niliidondosha mkebeni, na yeye, ambaye hawezi kuiokota, akanisogezea simu iliyofuata.