Barke na Rimoti ya Pikapu

Kismayu nzima palikuwa na mwanamke mmoja tu aliyeendesha pikapu, naye ni Barke binti Bakri, mzaliwa wa kisiwa cha Chovae. Watu walisema. Waache waseme, midomo ni yao! Mumewe Fumo alimfundisha mwenyewe, pwani, maji yakitoka na mchanga ukikazana, na bibi harusi akazijua gia kabla hajawajua majirani. Fumo akivua, Barke akipeleka samaki na barafu sokoni. Wakamwita Barke Pikapu, naye jina hakulikataa.

Pikapu yenyewe ilikuwa nyeupe hapo zamani. Ilitoka Dubai tayari ina umri wake, lakini ilikuja na kiburi cha king'ora: bila rimoti haiwaki. Utatia ufunguo, utazungusha, nayo itapiga honi mtaa wote ukudhanie mwizi, na injini kimya. Rimoti zilikuwa mbili. Ya Barke ilitumbukia kwenye sanduku la barafu, ikanywa maji ya chumvi, ikafa. Ya Fumo ilikuwa mfukoni mwa Fumo, na Fumo alikuwa kisiwani Koyama.

Alisema siku mbili tu. Anakwenda kumchukua dadake, arudi. Hiyo ilikuwa Shaaban, mwaka wa elfu mbili na nane, bahari imechafuka, na sasa ilikuwa siku ya tisa. Simu yake haipatikani. Mjini milio ya bunduki ilianza kutoka upande wa bara, jana mbali, leo karibu, na mtaa ukawa unamwagika watu kidogo kidogo, huyu na godoro, yule na kuku.

Aliyesema "tutoke" ni Mwanapili, mamake Fumo. Alisimama ukumbini, kanga kaifunga kiunoni, akasema, "Leo. Watoto hawa hawatafia hapa." Hakulia. Barke alimtazama akawaza, lo, mama huyu moyo wake umetengenezwa na nini? Mtoto wake wa pekee wa kiume yuko kisiwani, hajulikani hai hajulikani mfu, naye anafunga mizigo kama mtu aendaye harusini!

Basi akaitwa Mahmoud, fundi wa redio na simu na kila kitu chenye waya. Alikuja na rimoti kuukuu aliyoitoa kwenye gari bovu la aina ileile. Kifuniko chake kilivunjika, kwa hiyo ilimbidi aibane betri kwa vidole vya mikono yote miwili.

"Gari haiijui rimoti hii," akasema. "Lazima tuijulishe. Dada Barke, wewe kaa kwenye usukani, ufanye ninavyosema, na usichelewe. Gari ina hesabu yake. Ukikosea hesabu, inasahau yote, tunaanza upya."

Ilikuwa saa saba mchana. Nyuma ya pikapu wamejaa: mabinti wawili wa Barke, jirani yao Zainab na wanawe wanne, mapipa ya maji, masufuria. Joto liliwalaza watoto wote. Mbele alikaa Mwanapili kwa upande wa abiria, mlango wake umefungwa, tasbihi mkononi. Barke hakuwa amepata usingizi wa maana tangu Fumo aondoke, na mwanga ule mweupe ulimwingia machoni mpaka ukuta wa nyumba ukawa kama unapumua.

"Tia ufunguo, toa. Tia, toa," akasema Mahmoud. "Haya, funga mlango!"

Barke akafunga. Akauvuta mlango, tap, kisha akabonyeza na komeo chini.

"Fungua, funga tena!"

Akafungua, akafunga, akakomea. Pikapu ikanyamaza kimya kama haijaambiwa kitu.

"Mbona unakomea?" Mahmoud akashangaa.

"Si umesema nifunge?"

"Nimesema ufunge, sikusema ukomee!"

Hapo sasa. Kwao Chovae mlango una maneno yake. Kuufunga ni kutia komeo, usiku, au mnaposafiri. Kuurudisha tu mahali pake, upepo usiingie na mgeni aweze kuingia, huko ni kushindika. Mahmoud alilelewa mjini, nyumbani kwao wakisema Kisomali, na neno lao la mlango ni moja tu kwa yote mawili.

"Mchu akitaka ushindike, aseme ushindike," akasema Barke kwa lafudhi ya kwao.

"Haya, shindika! Shindika, dada yangu, wallahi nimekoma."

Zainab akacheka huko nyuma. Na Barke naye akacheka, kisha akakikata kicheko, kwa sababu alijikuta amefurahi. Gari haikukubali! Kama haikukubali, hawaendi. Kama hawaendi, Fumo akija jioni hii atawakuta. Raha ile ilimpitia mwilini taratibu, kama maji ya mtungi, na akaiona aibu papo hapo.

Wakaanza tena. Tia, toa. Tia, toa. Shindika, fungua. Shindika, fungua. Mlango ulikuwa na mlio wake, na katikati ya mlio na mlio palikuwa na uwazi mdogo, na Barke akazama humo. Alimwona Fumo anatoka maji, suruali kaikunja magotini, bado yuko mbali, anainua mkono na rimoti. Taa za pikapu zinawaka mara mbili. "Yakusalimia hiyo," Fumo husema. "Yajua mwenyewe ni nani."

"Toa ufunguo!" Mahmoud akapiga kelele.

Aliusikia vizuri ule ukelele. Mkono ulikuwa juu ya ufunguo. Akahesabu moyoni, moja, mbili, tatu, ndipo akautoa.

"Umechelewa."

"Samahani, fundi. Usingizi."

Mara ya tatu hakuwa na usingizi hata chembe. Alishindika mlango mara tatu badala ya mbili, waziwazi, mchana kweupe, kisha akajitia kushangaa. Alimtupia jicho mamake mkwe. Mwanapili alikuwa akitazama mbele, vidole vikipita kwenye tasbihi, midomo ikicheza.

Huko bara kitu kizito kikaanguka, na kioo cha pikapu kikatetemeka. Watoto hawakuamka. Hilo ndilo lililomtisha Barke kuliko mlio wenyewe, kwamba wamezoea.

"Gari hii ina shetani," Mahmoud akasema. Akajifuta jasho kwa bega, maana mikono haikuwa na nafasi. Kisha akasogea dirishani, akashusha sauti. "Dada Barke, nikwambie kweli. Betri hii ndiyo ya mwisho, nayo inakufa. Na mke wangu na watoto wako juu ya mkokoteni wa punda kule msikitini, wananingoja mimi. Niliwaambia naja sasa hivi. Tujaribu mara moja. Ikikataa, nitawaacheni, na Mungu anisamehe."

Barke akamtazama. Hakujua. Hakuuliza! Alidhani saa anazoziiba ni zake mwenyewe na Fumo, kumbe alikuwa akiiba na za mtu mwingine, mke wa mtu juu ya mkokoteni, juani, anatazama njia vilevile kama yeye. Alimwonea huruma mwanamke yule asiyemjua, akajionea huruma na yeye, na machozi yakamtoka bila sauti.

"Sema," akasema. "Nakusikia."

Tia, toa. Tia, toa. Shindika, fungua. Shindika, fungua. Safari hii Fumo alikuja tena majini, na Barke akamwacha asimame pale, hakumwendea. Tia, toa. Shindika, fungua, shindika, fungua. Tia. Shindika. Washa swichi mara moja, zima. Toa.

Makomeo ya milango yote yakashuka yenyewe, yakapanda. Ka-chak! Mahmoud akabana vitufe viwili pamoja, akaachia, akabonyeza kimoja. Ka-chak, ikajibu pikapu.

"Imekubali! Alhamdulillahi, imekubali!"

Zainab akapiga kigelegele, na kigelegele chake kikawaamsha watoto wakaanza kulia, wote sita. Mahmoud akaifunga rimoti kwa utepe wa nyaya, akamrushia Barke kupitia dirishani, akakimbia kuelekea msikitini bila hata kuaga. Barke akatia ufunguo. Injini ikawaka mara ya kwanza tu, kana kwamba siku zote ilikuwa tayari na ni watu waliochelewa.

Wakapita sokoni, meza za samaki tupu, paka wamelala juu yake. Wakapita nyumba ya mwisho. Barabara ya vumbi ikafunguka mbele, nyekundu, na juu yake watu wanatembea na mizigo kichwani, joto likiwainua miguu wakaonekana wanaelea. Barke aliendesha polepole katikati yao. Huku nyuma watoto wakanyamaza mmoja mmoja. Alijiona kama mtu aliye ndani ya ndoto ya mtu mwingine, lakini usukani ulikuwa wa moto na ulimuunguza viganja.

Hakuweza kubaki nalo. Lilimkaa kifuani.

"Mama," akasema. "Nisamehe. Ile hesabu, ni mimi nilikuwa nikiiharibu. Ya kwanza sikukusudia. Ya pili na ya tatu nilikusudia."

Mwanapili aliendelea kutazama njia.

"Najua," akasema. "Nimekaa ubavuni pako, sina macho?"

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Nilikuwa nasoma dua uiharibu tena." Tasbihi ilikuwa imemwangukia mapajani, hakuiokota. Sasa ndiyo alikuwa akilia, na alilia kama wanavyolia watu wazima, kwa pua na mabega. "Ilipokubali ile ya mwisho, nilikuchukia, Barke. Wallahi nilikuchukia. Endesha, mwanangu."